Harufu Iliyomwita Ciza

Antoinette aliingia bila kubisha hodi, kitenge kimefungwa kiunoni, macho mekundu, akanikumbatia wakati bado nimeshika pasi ya makaa. Nusura nimuunguze mgongo.

"Pole, Mahoro," akasema. "Pole sana, dada yangu."

Niliiweka pasi kando nikamkumbatia na mimi. Antoinette ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mkatoliki, muuza maharage sokoni, na si mtu wa kulia ovyo. Ana shangazi mzee kule Mibirizi aliyekuwa akisumbuliwa na tumbo tangu Pasaka. Nikajua tayari.

"Pole na weye," nikamwambia. "Ni ule shangazi wa Mibirizi?"

Alijitoa mikononi mwangu, akanitazama usoni kwa namna ambayo sikuipenda. "Shangazi iko muzima. Mahoro, ikaa kwanza. Nikupatie mayi ya kunywa."

"Weye njo unapashwa kuikaa. Weye njo unalia."

"Ikaa."

"Ikaa weye."

Tukawa tunavutana kwenye kiti kimoja, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, sare za shule zikianguka kutoka mezani. Mimi ni fundi cherehani. Ile ilikuwa wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, nina sare thelathini na mbili za kupiga pasi, na sina nafasi ya kukalishwa na mtu. Mwishowe nikakasirika.

"Antoinette, nani amekufa?"

Akaweka kiganja mdomoni. "Maman yako," akasema.

Mama alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Nilimwacha amelala kiasi cha saa moja iliyopita, baada ya usiku mzima wa kukohoa akiwa ameketi.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna muntu aliniambia. Nimesikia harufu."

"Ya nini?"

"Ya kafuri, Mahoro. Nyumba yangu yote inanuka kafuri."

Hapo lazima nieleze. Sisi Waislamu wa mtaa ule kafuri hatuichezei. Mtu akifa huoshwa, na kwenye maji ya mwisho hutiwa kafuri, basi. Hatuiweki kwenye nguo wala hatuichui kifuani kwa mafua. Nyumba ikinuka kafuri, watu hawaulizi kama kuna msiba, wanauliza maziko ni saa ngapi. Antoinette si mwenzetu kwa dini, lakini amekaa na sisi chini ya bati moja miaka ishirini na sita. Nyumba yetu na yake ni nyumba moja iliyokatwa katikati kwa ukuta, na ukuta wenyewe haufiki juu: kati ya tofali la mwisho na bati kuna uwazi wa kupitisha mkono. Kwa uwazi huo mimi nimejua kila ugomvi wake na mume wake, naye amejua kila siku tuliyolala na mboga bila nyama. Na baba yangu alipofariki, kafuri ilimfikia kwa njia hiyo hiyo.

Niliinua pua. Makaa, vitambaa vipya, mafuta ya cherehani. Basi.

"Mimi sisikie kitu," nikasema.

"Ni huzuni," akasema Antoinette, akanishika mkono tena. "Inafungaka pua."

Sijui kama huzuni hufunga pua. Najua kwamba nilikimbia.

Mama alikuwa amelala chali, kichwa kimeinuliwa, kwa sababu daktari alisema moyo wake umechoka na asilale sawasawa na miguu. Miguu ya kitanda upande wa kichwa nilikuwa nimeitilia matofali asubuhi ile ile. Dirisha lilikuwa wazi na upepo wa ziwani ulikuwa unaingia. Kafuri hakuna. Niliweka mkono kifuani pake. Kikapanda, kikakaa, kikashuka. Nyayo zilikuwa baridi, lakini nyayo zile zilikuwa baridi mwezi mzima. Nilihesabu pumzi kumi, kisha nikahesabu nyingine kumi kwa kuwa sikuwa na imani na zile za kwanza.

Nikatoka nimefura. "Iko muzima. Inalala."

Antoinette akatikisa kichwa pole pole, na machozi yakaanza upya. "Sawa, Mahoro. Inalala. Usiogope, hatutakuacha peke yako."

Aliongea nami kama mtu anayeongea na kichaa aliyeshika kisu. Nikaenda mlangoni nipate hewa, na uani nikakuta msiba umeshaanza. Wanawake sita, saba, vitenge viunoni. Mmoja alikuwa anapasua kuni, mwingine ameshusha sufuria kubwa kichwani, na wanaume wawili wanapanga mabenchi kando ya ukuta. Kwetu Kamembe ni hivyo. Hujamaliza kufa, watu wameshakuletea viti. Kwa jambo hilo naupenda mji huu, na kwa jambo hilo siku ile nilitamani kuuchapa fimbo.

"Murudi kwenu," nikawaambia. "Maman yangu iko muzima."

Walinitazama kwa huruma, wote pamoja. Aliyekuwa anapasua kuni akamgeukia mwenzake akasema kwa sauti ya chini, ambayo niliisikia vizuri sana, "Mumupatie mayi ya sukari."

Nilikuwa bado natafuta jibu la kumtia adabu nalo Hajati alipoingia uani. Hajati ndiye mkubwa wetu sisi wanawake tunaoosha maiti za wanawake. Nimeosha pamoja naye miaka kumi na moja. Ni mama mnene, mpole wa maneno, na akisema jambo limenyooka, limenyooka. Alikuwa na mfuko wake wa glavu kwapani. Alisimama kizingitini, akavuta pumzi mara moja tu.

"Kafuri," akasema.

Nikaingia nyuma yake, na safari hii nikaisikia na mimi. Ilinipiga usoni, kali, baridi, ile ile ninayorudi nayo nyumbani kwenye mikono kila tunapotoka kuosha. Nilikuwa nimekaa ndani yake asubuhi nzima bila kujua, nikatoka nje dakika tano, na sasa ilikuwa imejaa chumba kizima. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli. Nikajiuliza pumzi nilizohesabu zilikuwa za nani. Labda zilikuwa zangu. Labda nilimwekea mama mkono kifuani nikajisikiliza mwenyewe.

Hajati alipita pazia. Alikaa huko kwa muda, kisha akatoka akivua viatu ambavyo alisahau kuvivua mwanzoni.

"Maman yako Mukankusi anakoroma," akasema.

"Nilisema."

"Na kafuri inanuka."

"Inanuka."

"Sasa njo nini?"

Tulisimama watatu katikati ya sare za shule tukitazamana, na Antoinette, ambaye hadi hapo alikuwa na hakika kuliko wote, akajikuta ndiye anayekaa kwenye kile kiti.

"Mahoro," akasema, "mimi nimeisha kumupigia Ciza."

Ciza ni mdogo wangu. Anauza vitambaa Bukavu, ng'ambo tu, unavuka daraja la Rusizi umefika kwake. Lakini alikuwa hajavuka miaka minne. Baba alifariki mwezi ule mpaka wa nchi ulipofungwa kwa sababu ya ugonjwa. Ciza alisimama upande wake wa daraja na simu sikioni, akiniuliza tumefikia wapi, tumemtoa nyumbani, tumemfikisha makaburini, nami nikimjibu mpaka salio likaisha. Mama naye alikuwa kitandani na homa kali. Tulimficha kifo cha mumewe siku mbili, kama tunavyowaficha wagonjwa, tukimwambia Papa iko muzima, Papa ametoka kidogo. Alipopata nguvu ya kusimama akakuta mume amezikwa, na mwanawe wa pekee wa kiume hakuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea baba yake.

Hakumsamehe. Mpaka wa nchi ulipofunguliwa, Ciza akaja, na mama akamwambia mbele ya wageni: "Muntu alishindwa kuvuka daraja juu ya baba yake, asivuke juu yangu." Ciza ana kichwa cha mama yake, kigumu vile vile. Akajibu, "Basi nitavuka siku ya kukuzika." Akaondoka na chai yake haijapoa.

Kila mwezi nilimpigia. Kila mwezi alikuwa mpole, akatuma kitambaa cha mama, akauliza dawa zake, na nikimwambia njoo, ananyamaza. Na mama nikimtajia Ciza, anageukia ukutani. Tangu daktari aliponiita pembeni kuniambia moyo ule hauna mwaka, nilikuwa na haja moja tu duniani, hawa wawili waonane kabla. Sare thelathini na mbili ni kazi. Hiyo ilikuwa haja.

"Alisema nini?" nikamuuliza Antoinette.

"Hakusema mengi. Alisema, 'Ninakuya.'"

Ciza anakuja. Simu yangu ilikuwa juu ya cherehani. Niliichukua, nikatafuta jina lake, nikaweka kidole. Neno moja lilitosha, yuko hai, Ciza, ni makosa. Na ningelisema, angegeuza pikipiki pale pale alipo. Namjua. Angeshukuru Mungu, angelia kidogo, angegeuza. Nisiposema, atavuka daraja akiwa na msiba usio wa kweli moyoni, kwa uongo ambao hakuna mtu aliyeusema ila harufu. Je, nilikuwa namdanganya? Mdomo wangu haukuwa umetamka kitu. Niliogopa, niliona haya, na, nikisema kweli, ndani kabisa nilifurahi. Nikaondoa kidole.

"Unamupigia?" akauliza Hajati.

"Bado."

Aliniangalia, akaelewa, nikaona ameelewa. Akaanza kuitafuta ile harufu, nadhani kwa sababu lilikuwa jambo rahisi zaidi.

Alinusa karibu na mlango, akatikisa kichwa. Aliinama kwa shida akanusa sakafuni chini ya meza, akatikisa kichwa tena. Alipokaribia ukuta wa Antoinette akasimama. "Panda," akaniambia, akinisogezea kigoda. Nikapanda. Juu kule, usawa wa tofali la mwisho, kafuri ilikuwa nzito hadi macho yakanitoka machozi. Nikashuka kigoda na ikapungua. Nikapanda, ikazidi. Kwa nini kitu kinuke juu ya ukuta pasipo na kitu? Nikatazama bati kama mtu anayetegemea kuona maiti imelala juu ya mbao.

Hajati hakutazama bati. Alitazama chini ya ukuta ule, penye meza ndogo, na juu ya meza sanduku la bati la kikundi chetu, na juu ya sanduku pasi yangu. Akaweka kiganja ubavuni mwa sanduku, akakitoa haraka.

"Mahoro. Pasi yako unaiwekaka hapa?"

"Hapana. Ninaiwekaka ku matofali."

"Matofali iko wapi?"

Matofali yalikuwa chini ya kitanda cha mama.

Natamani ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Sanduku lile lina sanda, pamba, sabuni, na juu kabisa, kwenye karatasi, kafuri yetu ya mwaka mzima. Linakaa kwangu kwa sababu mimi ni fundi, ndiye ninayekata sanda. Asubuhi nzima, kila nilipogeuza sare, nilikuwa naegesha juu yake pasi yenye makaa mekundu. Kafuri haisubiri kuyeyuka. Ikipata joto inageuka hewa moja kwa moja. Ikapenya kwenye kifuniko, ikapanda na hewa ya moto ya pasi, ikafuata ukuta mpaka juu, ikapita kwenye uwazi, na upande wa pili, ambako hakuna moto wowote, ikapoa ikamshukia Antoinette kichwani akichambua maharage. Mimi niliyekuwa nimekaa karibu nayo niliizoea polepole tangu ilipokuwa kidogo, na pua yangu, iliyonusa kafuri miaka kumi na moja, haikuona kuna habari. Nilikuwa wa mwisho kujua kinachonuka nyumbani kwangu.

Hajati aliondoa pasi kwa upindo wa kanga akaiweka sakafuni. "Sasa naenda kuwaambia batu barudi kwao," akasema. "Na weye umupigie ndugu yako."

"Hajati, ngoja kidogo."

"Ningoje nini?"

"Afike."

Yeye alinifundisha kila kitu ninachojua juu ya wafu: upande upi unaoshwa kwanza, maji mara ngapi, nini usiseme ulichokiona. Nilimtegemea aniambie ndiyo au hapana.

"Hii mimi sikufundishwa," akasema mwishowe, akaketi juu ya rundo la sare zangu zilizonyooshwa. Sikuthubutu kumwambia.

Nyuma ya pazia mama akakohoa. Kisha akaita jina langu.

Tuliingia wote watatu, na hilo lilikuwa kosa. Ningeingia peke yangu. Mlango wa uani sasa ulikuwa wazi, hewa ilikuwa inapita, na kafuri ikatufuata hadi kitandani. Mama aliinua pua. Akamtazama Hajati na mfuko wake wa glavu, akamtazama Antoinette na kitenge kiunoni, akasikiliza shoka uani likipasua kuni.

"Nani amekufa?" akauliza.

Jaribu wewe kulijibu swali hilo. Mama mgonjwa wa moyo, amekutazama machoni, na jibu la kweli ni kwamba tulidhani ni wewe. Antoinette aliangalia sakafu. Hajati aliangalia dirisha. Na simu mkononi mwangu ikaanza kulia, jina la Ciza likimetameta, na mimi, mjinga wa mwisho, nikaificha mgongoni.

Mama aliona.

"Ciza iko wapi?" akasema.

"Ciza iko muzima, Maman. Iko mu njia, anakuya."

"Anakuya hapa?"

"Ndiyo."

"Ciza hawezi kuya hapa." Alisema hivyo taratibu, kama anayehesabu. "Na baba yenu mulisema iko muzima. Siku mbili. Mulikuwa munanipatia uji na munaniambia iko muzima, na kafuri ilikuwa inanuka vile vile."

"Maman, nisikilize."

"Simu ni ya nani unaficha?"

Nikaileta mbele, nikataka kupokea, ikawa imekatika. Nikabonyeza kumpigia, ikaita, haikupokelewa, maana alikuwa ameshapanda tena pikipiki. Ikaita mpaka ikakata, mama akiitazama. Sijawahi kuona jambo la kweli likionekana uongo kiasi kile. Nilimwambia habari ya pasi, ya matofali, ya uwazi juu ya ukuta, na kila nilivyoeleza nilijisikia mwenyewe nasema upuuzi. Hajati akaapa kwa Mungu. Mama akamwambia, "Na weye uliapa siku ile."

Kisha akaanza kumlilia Ciza kama aliyekufa.

Hakupiga kelele, hakuwa na pumzi ya kelele. Alishika ncha ya shuka akaanza kuongea na Ciza kama yumo chumbani. "Mutoto wangu. Nani alifunga mupaka? Si weye. Mimi nilijua si weye. Muntu anaweza kujua kitu na bado akasema ingine. Nilikuwa na hasira na ule alimuchukua baba yako, na ule siwezi kumufukuza ku mulango, nikafukuza weye. Miaka ine. Kila mwezi ulikuwa unatuma kitenge, nilikuwa ninafungua karatasi, ninanusa, kama iko na harufu ya duka yako. Mahoro akiniuliza kama ninaipenda, ninasema iko sawa tu. Ciza. Ciza wangu. Ningekuambia lini? Nilikuwa ninangoja uje, na njo mimi nilikukataza kuya."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nalia na kumwambia yuko hai, yuko hai, na hakuna aliyenisikia. Sikujua tena ni nani tunamlilia. Antoinette naye alikuwa analia, ingawa nikimuuliza leo hawezi kusema kwa ajili ya nani.

Hajati ndiye aliyegeuza kichwa kwanza. Pazia lilikuwa limeinuliwa. Ciza alikuwa amesimama pale, vumbi la njia mpaka kwenye nyusi, na sijui amesimama kwa muda gani. Baadaye alinieleza kwamba wanaume wa uani walimzuia, wakamwambia wanawake wako na kazi ndani, asubiri. Akakaa benchi kando ya ukuta, na kwa kuwa nyumba zetu ni kama zilivyo, akasikia sauti ya mama yake aliyekufa ikilitaja jina lake.

Mama alimwona. Alinyamaza katikati ya neno.

Nimewaza sana juu ya kimya kile. Kila mmoja alikuwa ameshamsamehe mwenzake alipomdhania maiti. Sasa walikuwa hai wote wawili, na uhai ukarudi na ugumu wake. Nikaona taya la Ciza likikakamaa. Nikaona mama akijifuta uso kwa shuka na kujiinua kwenye mto, kana kwamba ameingia mgeni asiyetarajiwa. Nilimjua kila mmoja wao. Nilijua katika dakika moja nyingine mmoja atasema neno la ukali, na itakuwa kama hakuna aliyevuka daraja.

"Nani alikuambia ukuye?" mama akauliza. Sauti ilikuwa kavu.

"Baliniambia umekufa."

"Na njo ulikuya."

"Njo nilikuya."

Chini ya kwapa lake alikuwa na furushi la karatasi ya dukani limefungwa kamba. Mama akalionyesha kwa kidole. "Ile ni nini?"

Ciza akalitazama kana kwamba amewekewa na mtu mwingine. Alinigeukia mimi, na macho yake yalikuwa na hasira ambayo nilistahili. "Ulijua niko njiani?"

"Nilijua."

"Na hukunipigia."

"Hapana."

"Usimuulize yeye," mama akasema. "Mimi njo nimekuuliza. Ile ni nini?"

"Ni sanda, Maman," akasema Ciza. "Ni yako. Nilikata ku duka yangu."

Mama akanyoosha mkono. Ciza alikaa pale alipo kidogo, kisha akapiga hatua tatu, akapiga magoti kando ya matofali, akafungua kamba mwenyewe kwa sababu vidole vya mama vilikuwa vimevimba. Kitambaa kilikuwa cheupe, pamba tupu. Mama wa fundi na wa muuza vitambaa, alikishika kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akakisugua, akakivuta kukijaribu.

"Hii haikuwa ya bei ndogo," akasema.

"Hapana."

"Ungeniletea ya bei ndogo. Naenda nayo ku udongo."

"Sikutaka."

Akaendelea kukisugua. Mkono wake ulipofika mwisho wa kitambaa ulikuta mkono wa Ciza, ukaubana, na haukuuachia.

"Ulisema utakuya kunizika," mama akasema.

"Nilisema vibaya, Maman."

"Ulisema. Sasa umekuya mbele ya wakati. Ikaa, ungoje."

Ciza akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda. Hajati akatushika mimi na Antoinette mikono akatutoa nje ya pazia, na uani tukawakuta watu wamesimama wote, sufuria ya maharage ikichemka. Hajati akawaambia maiti hakuna. Wakabishana kidogo kama chakula kiendelee kupikwa, wakaamua kiendelee, kwa kuwa kuni zilikuwa zimeshawaka.

Ciza alingoja siku kumi na tisa. Asubuhi alikuwa anavuka kwenda kufungua duka, na kabla ya jioni amerudi, amekaa kwenye kigoda, mama akimgombeza kwa hiki na kile. Siku ya mwisho tulimwosha Mama, mimi na Hajati. Makaburini Ciza alishuka yeye wa kwanza kumpokea, na alipopanda alikuwa na udongo kwenye magoti yote mawili. Mtu mmoja akamwinamia kumpangusa, naye akamzuia mkono.